Mshikaki wa Ziwa Jipe

Siku niliyokwenda kujitambulisha ukweni, mjini Moshi, sikutaka kubeba maua ya plastiki kama wachumba wengine. Wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa nimepita Ziwa Jipe, mpakani mwa Tanzania na Kenya, ambako sehemu kubwa ya ukingo imefunikwa na mmea ambao wataalamu huuita tifa, na ambao wengi wetu huudhania kuwa matete kwa sababu viboko hawajatupa nafasi ya kuukaribia. Tifa si matete, wala si mafunjo: kichwa chake ni cha kahawia, kimenona na kimenyooka, na mtu mwenye njaa akikitazama kwa mbali ataapa kwamba ameona mshikaki. Nilikata vichwa 12, nikavining'iniza chumbani vikauke, kisha nikavifunga utepe mwekundu.

Mama mkwe alivipokea kwa mikono miwili, akaviweka kwenye chombo kirefu katikati ya meza, kati ya sinia la machalari na bakuli la kachumbari, akauliza kwa upole, "Hivi baba, vinaliwa?"

Hapo nilipaswa kujibu "Hapana, mama" na kunyamaza. Badala yake nilisimama. Nikaeleza kwamba mmea huo huota kwenye maji baridi na hata kwenye maji ya chumvichumvi. Kwamba hauishi kwa msimu mmoja, kwa kuwa mashina yake hutambaa chini ya tope, ukiukata leo utachipua tena. Na kwamba maua dume hukaa juu, maua jike chini, na baina yao huachwa nafasi ya wazi, mfano wa wachumba wenye adabu. Mjomba, aliyekuwa msemaji wangu, alinikanyaga mguu chini ya meza. Nilidhani ananipongeza.

"Na kichwa kimoja," nikaendelea, "huweza kubeba mbegu zaidi ya 100,000, lakini msihofu, kimeshikamana kama ubao." Nikakibinya ili waone.

Kichwa kilichokauka hakipasuki kwa kishindo. Hufumuka taratibu, kama godoro lililochoka, na sufi inayotoka ni nyingi kiasi kwamba huwezi kuamini ilikuwa imo humo. Ilinijaa kiganjani, ikamwagika mezani, na pengine ningeidhibiti kama pangaboi lisingekuwa linazunguka kwa kasi ya mwisho, kwa heshima ya wageni. Katika kuhamaki nikaangusha chombo, na vile 11 vikafuata.

Kwa muda hatukuonana. Nilisikia tu baba mkwe akipiga chafya mfululizo. Sufi ilipotua, machalari yalikuwa yameota manyoya, na mjomba, aliyeingia na ndevu nyeusi, alikuwa na mvi kumshinda babu wa mchumba wangu. Mchumba mwenyewe alikuwa amejifunika khanga usoni, mabega yakimtikisika. Mpaka leo anakana kwamba alikuwa anacheka.

Posa ilikubaliwa, nadhani kwa sababu hakuna aliyethubutu kufumbua kinywa ili akatae.

Miezi minne baadaye mama mkwe alinipigia simu. Nyuma ya nyumba, chini ya bomba linalovuja, palikuwa pameota majani marefu, membamba. Ameyakata mara mbili, na mara mbili yamerudi.

"Baba," alisema, "ile hotuba yako niliisikia vizuri. Njoo na jembe."