Haramia wa EVE Online naye ana sheria zake

Malalamiko dhidi ya maharamia wa EVE Online, yaani wachezaji wanaovamia wenzao katika mchezo huo wa mtandaoni wa meli za anga za juu, yana umri sawa na mchezo wenyewe, uliofunguliwa na kampuni ya CCP ya Iceland mwezi Mei 2003. Mchimbaji anajaza shehena ya madini taratibu, jicho moja kwenye mchezo, jingine kwenye mpira wa runinga. Ghafla vinatokea vijimeli vitatu vinne vya bei nafuu aina ya Catalyst, vinafyatua, na meli aliyoidunduliza kwa wiki nzima inabaki vyuma chakavu. Anachoandika baada ya hapo kinajulikana: huu ni uonevu, wafungiwe akaunti.

Hasira yake naielewa. Ila mashtaka hayo huruka jambo moja, kwamba haramia huyo hajavunja sheria hata moja ambayo CCP imewawekea wachezaji, na kwamba sheria zimembana kuliko wachezaji wengi wanaomlaani.

Tazama anavyofanya kazi. Kwenye mifumo ya nyota yenye usalama wa juu, kuanzia 0.5 hadi 1.0 kwa kipimo cha mchezo, kuna polisi wanaoitwa CONCORD, na hawashindiki. Pale penye 1.0 hufika kwa sekunde chache tu, penye 0.5 huchelewa karibu sekunde ishirini. Hesabu yote ya haramia imo ndani ya sekunde hizo. Zikiisha, meli yake lazima ife, iwe amefanikiwa au ameambulia patupu. Akitafuta ujanja wa kuwakwepa polisi hao, hapo ndipo anapokuwa mdanganyifu, na akaunti yake inaweza kufungwa. Zamani bima ilimlipa hata meli yake ilipoangamizwa na polisi, jambo ambalo kusema kweli lilikuwa kichekesho. Malipo hayo yaliondolewa mwishoni mwa 2011. Baada ya shambulio anakaa robo saa bila kuweza kurusha meli nyingine katika anga hiyo, maana CONCORD wataiteketeza nayo. Alama zake za usalama zinashuka, na zikipita chini ya −5 mtu yeyote anaruhusiwa kumpiga popote amwonapo. Aliyevamiwa naye hupata haki ya kisasi ya siku 30, na kama hana ubavu anaweza kuiuza kwa wenye nao.

Tapeli wa soko la humohumo mchezoni, anayekuuzia kitu cha sarafu kumi kwa elfu kumi, hafuatwi na polisi yeyote. Kelele anazopigiwa ni chache mno.

Kuna pia sheria ambayo haikuandikwa. Kwenye anga ya usalama wa chini, wasikofika CONCORD, haramia akiizuia meli yako isikimbie, mara nyingi atadai fidia: lipa, nikuachie. Hakuna kinachomlazimisha kutimiza ahadi. Anaweza kupokea pesa kisha akakulipua, na CCP haitamgusa. Hata hivyo wapo maharamia walioshika neno lao kwa miaka, na sababu si huruma. Karibu dunia nzima inacheza kwenye seva moja, kwa hiyo jina baya halina pa kujificha, na anayejulikana kuwa hula fidia na kuua hatalipwa tena na mtu. Heshima ya namna hiyo, iliyozaliwa na maslahi, naiamini kuliko kanuni ndefu za adabu.

Tuje kwenye hoja nzito ya wanaolalamika, kwamba maharamia wanafukuza wageni. Kwenye mkutano wa Fanfest mjini Reykjavik mwaka 2015, CCP walieleza kuwa walifuatilia wachezaji wapya wapatao 80,000 katika siku zao 15 za mwanzo. Waliouawa kinyume cha sheria za anga zinazosimamiwa na CONCORD, yaani kwa mashambulizi ya aina niliyoeleza, walikuwa takriban asilimia 1. Na hao ndio walioelekea zaidi kubaki na kulipia mchezo, kuliko wale ambao hawakuguswa na mtu.

Maharamia wameitumia takwimu hii kama cheti cha tabia njema, na hapo wanavuka mpaka. Anayevamiwa ni yule aliyekwisha kutoka kituoni, akanunua meli ya maana, akawa na kitu cha kuporwa. Mtu wa namna hiyo tayari alikuwa ameupenda mchezo; aliyeondoka baada ya saa moja hakukaa vya kutosha hata avamiwe. Takwimu haithibitishi kwamba kuporwa kunamfanya mtu abaki. Inachokivunja ni dai la upande wa pili: kama uharamia ungekuwa ndio unaomwaga wageni, basi hiyo asilimia 1 ingeongoza kwa kuhama, wala haikuongoza. Wengi waliondoka bila kuona hata haramia mmoja, na nadhani waliondoka kwa sababu hakuna kilichowatokea.

Linganisha na vita rasmi, ambapo kundi moja lililipa ada na kuruhusiwa kulipiga kundi jingine popote bila CONCORD kuingilia. Mwaka 2018 takwimu za CCP zilionyesha kuwa makundi yaliyotangaziwa vita yaliacha kucheza kwa wingi, na hata vita vilipoisha wengi hawakurudi. Desemba mwaka huohuo sheria ikabadilishwa, kundi lisilo na kituo chake angani likawa halitangaziwi vita tena. Uvamizi wa haramia unakwisha ndani ya dakika moja, kisha aliyevamiwa ananunua meli nyingine. Vita vya namna ile vilimfungia mtu ndani siku baada ya siku. Hasira ya vita, naona, mara nyingi imeangukia kichwani kwa haramia.

Upande wa pili una ushahidi mmoja ambao sina jibu kamili kwake. Ultima Online, mchezo wa 1997, mwaka 2000 uliigawa dunia yake mbili: moja yenye wauaji, moja ambayo huwezi kushambuliwa bila ridhaa yako. Watu walihamia kwenye amani kwa wingi. Wakipewa uchaguzi, wengi hawamtaki haramia. Ila EVE ina uchumi wa namna yake: karibu kila meli imeundwa na wachezaji, na madini yana bei kwa sababu meli zinalipuka kila siku. Ukimwondoa anayelipua, mchimbaji atamuuzia nani?

Mahali ambapo simtetei haramia ni pale anapoufuata moyo wa mtu badala ya meli yake. Mwaka 2014 mchezaji aliyekwisha kutapeliwa alidhihakiwa kwa muda mrefu kwenye mazungumzo ya sauti nje ya mchezo, na rekodi ikasambazwa. CCP ikatamka kwamba kumtesa mtu halisi hakuvumiliki, hata yakifanyika nje ya seva zake. Vilevile, mifumo michache wanakoanzia wageni, kuwasumbua huko kumepigwa marufuku. Ningependa marufuku hiyo imfuate mgeni mwenyewe kwa wiki zake mbili za kwanza, popote aendako kwenye usalama wa juu, ilimradi haendeshi meli ya thamani kubwa. Maharamia ninaowaheshimu hawatapoteza chochote, maana meli ya mgeni hailipi hata gharama ya Catalyst moja.