Haikuwa gongo jamani, ilikuwa polima

Kwanza kabisa, haikuwa gongo. Jirani yangu muuza pweza ameshaisambaza kutoka Mikindani hadi Chikongola kwamba Jumamosi nimelipua mtambo wa gongo ya mabibo. Ushahidi wake ni ule mrija wa kioo alioona dirishani. Ule ni kipozeo, kazi yake kurudisha mvuke chupani. Halafu gongo gani hiyo inayoning'inia darini siku tatu?

Nilikuwa natengeneza poliakrileti ya sodiamu, ile ya mnyororo mfupi. Ni polima, yaani molekuli ndogo nyingi zilizoshikana kama mnyororo. Kisima chetu kimepita kwenye mawe ya matumbawe, maji yake yamejaa kalsiamu, birika likichemka wiki mbili linashika ukoko mweupe kama limepakwa chokaa. Polima hii ukiitia kidogo kwenye sabuni, inaishika kalsiamu na kuzuia ule ukoko usijijenge. Kuna mama anafua mashuka ya wageni, nilimwahidi dumu la kwanza Jumatatu. Mdomo huu!

Njia yenyewe naijua, msije mkasema sijui. Unaweka maji gramu 600 kwenye chupa ya shingo tatu, unayeyushia humo sodiamu haipofosfaiti, unapasha hadi nyuzi 80 au 85 huku kikorogeo kinazunguka. Asidi ya akriliki gramu 300 inadondoka kutoka faneli moja, maji ya amoniamu pasalfeti, ndiyo kianzishi cha minyororo, kutoka faneli nyingine, tone kwa tone, saa mbili na nusu hadi tatu. Udondoshaji ndio breki yako. Kila moli ya asidi (kipimo cha wakemia cha kuhesabia molekuli) ikiungana inatoa joto la karibu kilojuli 77, na gramu 300 ni moli nne na ushee. Joto hilo likitoka kwa mpigo bila pa kwenda, linapandisha mchanganyiko kwa zaidi ya nyuzi 80. Likitoka kwa saa tatu, ndoo ya maji baridi inalimudu.

Sasa mimi saa nane nilikuwa na harusi ya shemeji. Nimeshaoga, nimeshavaa kanzu. Saa tatu za matone nitazitoa wapi? Nikamimina asidi yote. Nyuzi 70. Pasalfeti gramu 3, yote.

Kimya.

Dakika nane, kimya. Wenye fani mnajua, wala msinicheke bado: asidi inauzwa ikiwa na kizuizi ili isigande dumuni, halafu ndani ya maji kuna oksijeni. Hivyo viwili vinazimeza radikali za mwanzo, zile chembe kali za pasalfeti zinazoanzisha minyororo. Unasubiri viishe. Mimi nikaona pasalfeti imechacha, nikatia gramu 3 nyingine.

Kipimajoto kikasoma 72. Nikatabasamu. 75. 83. Nikaacha kutabasamu. 96, na maji yakaanza kutokota bila jiko, maana jiko nilishazima. Mota ya kikorogeo ilikuwa inaimba "ng'iii", ikashuka "ng'oooo", sauti ya ng'ombe anayepanda mlima. Kisha ute ukaacha kuzunguka na chupa, ukaanza kupanda fimbo ya kikorogeo kwenda juu, taratibu, kama unatafuta mtu. Kwa polima ya minyororo mirefu hilo ni jambo la kawaida, ikizungushwa hujikaza na kukwea fimbo. Lakini yangu ilipaswa kuwa fupi! Nikageuza macho mezani. Gramu 24 za haipofosfaiti zimetulia kwenye mizani. Sikuzitia. Hiyo ndiyo inayokata minyororo njiani. Bila yake kila mnyororo unarefuka mpaka uchoke wenyewe.

Mvuke ukasukuma kizibo, pu! Nusu ya mzigo darini, nusu sakafuni. Mlenda, lakini mlenda wenye kinyongo.

Hapo ningefunga mlango nikaenda harusini. Badala yake, mtu mzima na akili zangu, nikaamua kusafisha kwa maji ya magadi. Asidi, magadi, mnaona? Kwanza povu, mpaka magotini. Halafu likaja baya zaidi: polima ya asidi ukiipa magadi, inapata chaji hasi kila mahali, chaji zinasukumana, mnyororo uliojikunja unanyooka na kunywa maji. Kidonge cha ukubwa wa ngumi kikawa ukubwa wa fenesi. Sakafu ikawa mgongo wa kambale.

"Hodi humu ndani."

Mama mkwe. Amekuja kutupitia twende harusini.

Nikasema nimuwahi asiingie. Hatua ya kwanza ilinikubali. Ya pili, mguu wa kulia ukaelekea jikoni, wa kushoto ukashika njia ya Lindi. Nikashika meza, meza nayo ina ute. Nikaenda kwa magoti, polepole kabisa, nikiwa na muda wote wa kumtazama usoni na yeye kunitazama, kanzu imejaa upepo, mita moja, mbili, tatu, hadi nikasimama mbele ya ndala zake, mikono imefumbatana kama mtu wa toba.

Nitasema nini?

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Akanitazama kidogo. "Inuka basi. Kwani mahari si ulimaliza?"

Nyuma yake, jirani wa pweza, simu juu.

Mengine ni mafupi. Harusini niliingia na shati la kuazima, ukumbi mzima wameshaiona video. Jioni nikakumbuka nilichopaswa kukumbuka mchana: chumvi. Chumvi inazifunika zile chaji, mnyororo unajikunja tena na kuyatema maji. Nikanyunyiza kilo tano, fenesi likanywea, nikalizoa kwa koleo. Jirani naye akaniona nikimwaga chumvi kila kona usiku, kwa hiyo leo asubuhi nimepandishwa cheo, si mpika gongo tena, ni mganga.

Mama wa mashuka nimemwomba wiki moja. Tone kwa tone safari hii, na haipofosfaiti naitia kabla hata sijawasha jiko.

Ndala moja ya mama mkwe bado imeganda kizingitini. Amesema nisiivute, itakatika. Naimwagia maji kila asubuhi.