Gari Linalokunywa Usiku Tukiwa Tumelala

Kila nikisema tunakwenda kupiga kambi kwa gari la umeme, mimi, mwenzangu na watoto wawili, swali ni lile lile: "Linaenda kilomita ngapi?" Siku hizi namrudishia mtu swali langu: huko mnakolala, pana soketi?

Nimekuja kuamini kwamba hakuna msafiri anayeendana na gari la umeme kama mtu wa hema. Anafika alasiri, anaegesha, na gari halisogei tena mpaka kesho yake. Hizo ni saa 12, pengine 14. Soketi ya kawaida ya volti 230, ukivuta ampea 10, inatoa kilowati 2.3. Ukiondoa umeme unaopotea njiani, kwa saa 12 gari limeingiza uniti (kilowati-saa) kama 25. Gari la familia linalokula uniti 18 hadi 20 kwa kila kilomita 100 litatembea kilomita 120 na zaidi kwa chaji hiyo, na hakuna mtu aliyekaa kuingoja. Watoto walikuwa wamelala, na sisi pia.

Safari yetu ya kwanza sikuwa nalijua hilo. Niliangalia umbali, nikalinganisha na kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari, nikaona tutafika na akiba itabaki. Buti ilijaa mpaka kwenye kioo, juu tukafunga sanduku la mizigo, tukaingia barabara kuu nikawa nakwenda 120. Mtoto wetu mkubwa, aliyekuwa amekaa katikati nyuma, ndiye aliyekuwa akisoma asilimia kwa sauti. Thelathini na moja. Ishirini na nne. Kumi na tisa. Ilipofika kumi na mbili akaacha kusoma, na ule ukimya wake ulinitisha kuliko namba yenyewe. Tulifika kituo cha kuchajia tukiwa na 8. Mashine ya kwanza kioo chake kilikuwa cheusi. Ya pili ilikuwa nzima lakini ni ya mwendo wa polepole, tukakaa pale saa mbili na nusu. Hema tulilisimamisha usiku, kwa mwanga wa taa za gari, mtoto mdogo akiwa amelala kwenye kiti na viatu vyake miguuni.

Gari halikuwa na kosa lolote siku ile. Upinzani wa hewa hauongezeki sawasawa na mwendo, unaongezeka kwa mraba wake. Ukitoka 100 ukaenda 120, nguvu ya hewa inayokusukuma nyuma inaongezeka kwa asilimia 44. Weka na sanduku juu ya paa, linalokata upepo vibaya, na zile kilomita za kwenye kitabu huzioni tena. Ukivuta tela refu la kulala, betri inaweza kukupeleka karibu nusu tu ya ulikozoea kufika. Milima nayo ina hesabu yake, ingawa hiyo hainisumbui sana: gari la tani 2 likipanda mita 1,000 linatumia uniti 5 na nusu kwa ajili ya kule kupanda peke yake, lakini ukiteremka, breki za umeme zinakurudishia sehemu kubwa ya ulichotoa. Hewa haikurudishii kitu. Tangu siku ile sanduku la juu linabaki nyumbani, vitu vizito vinakaa chini, naangalia upepo wa matairi kabla ya kuondoka, na natembea 95 hadi 100. Ukiniuliza mimi, mguu wa dereva una uzito kuliko ukubwa wa betri.

Wako wanaosema safari ya namna hii si ya kwenda na watoto, kwamba vituo bado havijawa vya kutegemewa. Nawaelewa, nimeonja. Lakini huwa namkumbuka Bertha Benz, mama wa Kijerumani. Agosti 1888 alichukua gari alilolitengeneza mumewe Carl, bila kumuaga, akaondoka Mannheim kwenda kwa mama yake Pforzheim, safari ya kilomita zaidi ya 100, na abiria wake walikuwa wanawe wawili, Eugen na Richard. Kituo cha mafuta hakikuwepo popote duniani. Mafuta alinunua duka la dawa la Wiesloch, kwa sababu kilichokuwa kinaendesha gari lile wakati huo kiliuzwa kama dawa ya kutolea madoa. Mrija wa mafuta ulipoziba aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Kwenye milima ilibidi gari lisukumwe. Kwa hiyo safari ya kwanza ndefu inayojulikana ya gari la injini ya mafuta ilikuwa ya mama na watoto wake, na haikungoja barabara ziwe tayari.

Sasa niseme la kambini penyewe, maana huko ndiko gari hili lilikoniteka. Magari mengi ya umeme ya siku hizi yana soketi ya kutoa umeme nje. Hyundai Ioniq 5, kwa mfano, inatoa hadi kilowati 3.6. Kuchemsha lita moja ya maji kunakula sehemu ya kumi ya uniti. Friji ndogo ya safari inakula uniti moja, pengine isifike, kwa siku nzima. Betri ya uniti 60 haitikisiki kwa hayo. Na hakuna jenereta inayonguruma mpaka saa nne za usiku, wala harufu ya mafuta kwenye nguo.

Lipo na la uhai. Watu wamekufa kwa kulala ndani ya gari huku injini inaunguruma ili wapate joto, kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu inayotoka kwenye injini, ikawakuta usingizini. Gari la umeme linapasha joto bila kuchoma chochote. Usiku mmoja mvua ililowesha hema letu mpaka magodoro, tukahamia garini wote wanne, vipasha joto tukaviacha vinafanya kazi mpaka alfajiri. Asubuhi betri ilikuwa imepungua asilimia 9. Nililala bila hofu.

Hofu niliipata kwa waya. Tulikuwa tumevuta umeme kwa ekstensheni ya kuzungushia, nikatoa urefu niliouhitaji tu na waya uliobaki nikauacha umezungushwa kwenye kigurudumu chake. Saa nane usiku nilitoka nje, nikapita karibu, nikasikia harufu ya plastiki. Nilipogusa kile kigurudumu nilirudisha mkono haraka. Waya uliozungushwa hauna pa kutolea joto, na gari linavuta mzigo mkubwa saa nyingi mfululizo, tofauti na taa au redio. Tangu hapo natumia waya mnene wa kutosha, naufungua wote mpaka mwisho, na baada ya nusu saa narudi kushika plagi kwa mkono. Ikiwa ya moto, nashusha ampea kwenye dashibodi.

Na kambi isiyo na umeme kabisa? Tunakwenda. Ila hesabu yangu si ya kufika, ni ya kuondoka: chaji itakayobaki baada ya siku zote za friji na maji ya moto itufikishe kituo cha karibu, na kile kituo kikiwa kibovu itufikishe cha pili. Hesabu ikikataa, tunachagua kambi nyingine. Hapo sina mjadala, hata watoto wakinuna.

Kwa wenye maeneo ya kambi nina ombi. Si lazima mlete chaja kubwa za gharama. Chaja ya ukutani ya kilowati 7 inajaza betri kubwa ya familia kati ya jioni na asubuhi. Hata soketi moja ya ampea 16, yenye fyuzi yake peke yake na waya mzima, inatosha. Ifungeni kwenye nguzo, iwekeeni mita tulipie uniti zetu, na mwandike kwenye maelezo yenu kwamba ipo. Hema letu tutalisimamisha karibu na nguzo hiyo.