Mnagombania jina, aiskrimu inayeyuka!

Jamani, jina la aiskrimu limemuuma nani? Mwaka 2011 Ben & Jerry's, kampuni ya aiskrimu ya Marekani, walitoa ladha ya Schweddy Balls, utani wa kichekesho cha televisheni ya huko: kwa Kiingereza linasikika kama "korodani zenye jasho". Kundi la akina mama likaja juu, maduka mengine yakakataa kuiuza. Na ndani mlikuwa na nini? Vanila, ramu kidogo, na vidonge vya mviringo vya kimea na ramu vilivyopakwa chokoleti. Basi!

Hapa Kampala nako, taja jina hilo uone: matusi hayo, watoto wataharibika! Ndugu zangu, kopo mmelifungua?

Aiskrimu inataka nyuzi 18 chini ya sifuri. Umeme ukatike kutwa nzima, mwenye duka afungue friza kila mteja akitaka soda, itabaki nini humo? Inayeyuka, hewa iliyopigwa ndani inatoka. Umeme ukirudi inaganda upya, safari hii kwa chembe kubwa za barafu, ukila ni kama unatafuna mchanga wa Entebbe. Na vijidudu vilivyozaliana ilipokuwa majimaji havifi kwa baridi!

Bonyeza kopo kabla ya kulipa. Likibonyea, liache. Kifuniko kinanata? Liache. Ukilifungua nyumbani ukakuta aiskrimu imeshuka chini ya ukingo, na barafu nene juu, lirudishe dukani siku hiyo hiyo. Mbona kwa hilo hakuna anayepiga kelele?