Ndege Anayeitwa kwa Ulaghai

Jumamosi iliyopita, katika matembezi ya kuangalia ndege yaliyoandaliwa na kituo kimoja cha mazingira hapa kwetu Tabora, mwenzetu mmoja alitoa simu, akaongeza sauti hadi mwisho na kuchezesha rekodi ya mlio wa chozi, yule ndege mdogo mfyonza nekta. Dume mwenye kifua chekundu alitua kwenye tawi la mti wa mtundu, karibu nasi kiasi kwamba niliona mdudu aliyebanwa mdomoni mwake, na hakuna aliyejiuliza mdudu yule alikuwa akipelekewa nani. Rekodi ikarudiwa, ikarudiwa tena. Ndege akawa anaruka huku na huko akimtafuta mpinzani asiyekuwepo, kundi zima likishangilia na kupiga picha.

Chozi dume hulinda eneo lake, na akisikia sauti ya dume mwingine huacha kila kitu akamfukuze mvamizi. Burudani yetu kwake ni vita, na makinda watasubiri chakula mpaka wapiga picha watosheke. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba rekodi humsaidia anayeanza kujifunza milio. Basi na aisikilize nyumbani kwake.

Kumwita ndege si kosa. Wahadzabe wa bonde la Eyasi humwita mlembe, ndege anayewaongoza watu hadi kwenye nyuki, kwa mluzi, Wayao wa Niassa huko Msumbiji wana wito wao tofauti, na utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba mlembe wa kila upande huitikia zaidi wito wa wenyeji wake. Mlembe akishawafikisha Wayao kwenye nyuki, wao huchukua asali na kumwachia nta, ambayo ndiyo chakula anachokitaka. Hayo ni makubaliano, na sisi wa mkoa wa warina asali tulipaswa kuyaelewa kabla ya wengine. Chozi wetu aliitwa kwa ulaghai, akaondoka bila malipo.

Sitasema mengi kuhusu mashati mekundu waliyovaa wenzetu wala soga zao zisizokoma.

Getini tulikatazwa kuokota hata jani, na ni katazo zuri, lakini kuhusu simu hapakuwa na neno. Nilipomwandikia mratibu, alijibu kwamba wageni wanapenda kumwona ndege kwa karibu. Nimemuuliza, basi, darubini za kituo zinafanya nini kabatini.