Soksi kwenye mkono mzima

Jana mwanangu kafungua zipu ya begi lake mwenyewe. Mkono wa kulia, ule dhaifu unaokunja ngumi na kujificha kifuani, ndio ulioshikilia begi huku wa kushoto ukivuta. Dakika nne nzima. Mtaalamu wa tiba kazi, anayemfundisha kujifanyia shughuli za kila siku, hakumgusa. Mimi nilishanyanyuka kumsaidia, nikaambiwa niketi.

Hasira zikanipanda hapo hapo. Miaka mitatu nyumbani, kabla hatujaja huku ng'ambo, nilimpeleka mazoezi. Mnayajua: mtoto analazwa, mkono unanyooshwa, unakandwa, analia, "haya, mrudishe wiki ijayo." Alikuwa anafanyiwa mazoezi, hakuwahi kuyafanya. Huku mwenye kazi ni mtoto.

Najua mtakalosema: kavuka bahari, kaanza kutudharau, huko kwao kuna mashine. Mashine gani jamani? Soksi! Mkono mzima, yaani ule usio na tatizo, unavikwa soksi nene kwa muda, mtoto akicheza chini ya uangalizi, ili ule dhaifu ukose pa kujificha. Njia ya kuuzuia mkono mzima chimbuko lake ni kazi ya mwanasaikolojia Edward Taub wa Marekani. Halafu soksi inavuliwa, mikono yote miwili ifanye kazi, maana zipu haitaki mkono mmoja. Mtafiti Andrew Gordon wa Chuo Kikuu cha Columbia aliendesha mafunzo ya mikono miwili saa 6 kwa siku, siku 15, jumla saa 90. Njia hizi mbili zikipewa saa sawa, matokeo yanakaribiana. Muhimu ni wingi wa saa, na mtoto achague mwenyewe anachotaka kukiweza. Wangu alichagua zipu.

Na saa nyumbani tunazo! Hilo ndilo linaloniuma. Huku niko peke yangu naye. Kule kuna bibi, shangazi, binamu kibao wa kumrushia mpira mkubwa audake kwa mikono miwili. Utajiri wote huo tunautumia kumvisha, kumlisha na kumbebea begi. "Mwacheni, maskini." Nami nilisema hivyo hivyo, kwa mapenzi kabisa. Wala simlaumu mtaalamu aliyekuwa na foleni ya kina mama hadi nje. Ila dakika tano za kunionyesha cha kufanya nyumbani zingetosha.

Usiku nikampigia mama kwa video aone zipu. Akaanza, "Msaidie basi, unamtesa mjukuu wangu." Ilipofunguka akanyamaza, kisha akauliza, "Hiyo soksi anavaa muda gani?"