Alizeti Zilivyomtupia Bwana Harusi Kisogo

Huku Nachingwea ukisema umelima, swali ni moja: korosho au ufuta? Mimi nikajibu alizeti. Eka moja, mbegu ya Rekodi, sentimita 75 mstari hadi mstari, 30 shimo hadi shimo. Nilipima kwa kamba, majirani wakadhani najenga.

Zikiwa bado changa, asubuhi zilitazama Lindi, jioni zinatazama Liwale, jua linavyokwenda. Nilizipenda kama watoto wanaosikia. Basi zilipochanua nikamwambia mpigapicha mmoja wa mjini: leta maharusi saa kumi na moja jioni, barabara iko upande wa Liwale, maua yote yatawatazama kama gwaride. Elfu thelathini. Nusu akatanguliza, nusu hiyo nikaila siku ileile.

Wakaja. Bajaji tatu, gauni jeupe limeshikwa na mashangazi wawili. Tunafika shambani: eka nzima ya visogo.

"Kaka," bwana harusi akasema taratibu, "tumewakosea nini?"

Nikawaomba wasubiri kidogo, zitageuka. Wakasubiri. Shangazi mmoja akazipigia vigelegele. Nikajaribu kuligeuza moja kwa mkono, shingo ikavunjika kwa! Ndipo mjomba, aliyekuwa amejikalia chini ya mkorosho, akafungua mdomo: alizeti ikishachanua shingo hukakamaa, kichwa kinabaki mashariki mpaka mavuno.

"Mjomba, mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza wewe, fundi wa kamba?"

Tukazunguka upande wa pili. Huko maua yakaonekana, ila jua likawa mgongoni mwa maharusi, picha zote sura nyeusi kama vyungu. Tukakubaliana kesho saa mbili asubuhi.

Kumbe uso ule kuelekea mashariki una kazi yake: asubuhi ua linapata joto mapema, na nyuki wanapenda ua lenye joto. Saa mbili hiyo shamba lilikuwa linanguruma. Na bibi harusi, Mungu ampe maisha marefu, alikuwa amejimwagia marashi kama anazima moto.

Sikuona nyuki wa kwanza. Nilimwona mpambe akivua koti huku anakimbia. Bibi harusi alikunja gauni mpaka magotini, akampita mumewe, akampita mpigapicha, akaipita na bajaji iliyokuwa inawashwa. Katikati ya alizeti zangu ikapatikana njia mpya, pana, ungepitisha mkokoteni.

Hela wakaidai. Kwa kuwa ilishaliwa, tukamalizana kwa ahadi ya lita tano za mafuta nikishakamua.

Juzi mpigapicha kanionyesha picha pekee iliyotoka vizuri. Alizeti safi kabisa, zote zinatazama kamera. Watu hamna. Kuna kiatu kimoja cheupe kimelala kwenye tuta, na kwa mbali, chini ya mkorosho, mjomba ameshika mbavu anacheka.